Vimeng'enya vitatu vya ukoo mmoja: PNMT, NNMT na INMT

Mwalimu wa biolojia, Wete

Assalaam alaykum. Wiki hii nilinunua sokoni figo za mbuzi zikiwa bado zimevikwa mafuta yake, na darasani tukaitafuta tezi ya adrenali, inayokaa juu ya figo, na kuipasua kwa wembe, wanafunzi wakaona gamba la manjano lililoelekea ukahawia na kiini cha rangi nyengine kabisa. Niliwaeleza kwamba ndani ya kiini hicho, yaani sehemu ya kati ya tezi, PNMT, ambacho ni kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali), hugeuza homoni ya noradrenalini kuwa adrenalini. Mmoja akauliza kwa nini kimeng'enya hiki kihesabiwe ukoo mmoja na NNMT ya ini na INMT ya mapafu. Nami naongeza langu: kwa nini kazi hiyo ifanyike hapo, na si katika kila neva inayotoa noradrenalini?

Mfamasia, Unguja Mjini

Wa alaykumu s-salaam, Maalim. Mpangilio wa asidi amino katika vimeng'enya hivi unafanana kiasi cha kuonesha kwamba jeni zake zimetokana na jeni moja ya kale iliyojinakili, ingawa leo kwa binadamu zimetawanyika: ya PNMT imo katika kromosomu ya 17, ya NNMT ya 11, na ya INMT ya 7. Vyote huchukua methili (kaboni moja yenye hidrojeni tatu) kutoka kwa S-adenosilimethionini, molekuli inayogawa methili mwilini, na kuipachika, aghalabu, kwenye naitrojeni ya molekuli nyengine. Kinachobadilika ni nani anayepokea. NNMT humpa nikotinamidi, ambayo ni sura moja ya vitamini B3, na zao lake hutoka katika mkojo. INMT, ambacho mwanabiokemia Mmarekani Julius Axelrod alikichunguza katika mapafu ya sungura, humpa triptamini, kemikali inayotokana na asidi amino ya triptofani.

Daktari wa mifugo, Chake Chake

Swali lako la pili, Maalim, jibu lake mlikuwa nalo mezani. Damu ya tezi hupita kwanza katika gamba, linalotengeneza kotisoli, kisha huingia katika kiini ikiwa imebeba homoni hiyo kwa wingi usiopatikana kwengineko mwilini, na ni kotisoli inayoihimiza jeni ya PNMT. Mwaka 1965 mtafiti Richard Wurtman na Axelrod walieleza kwamba panya walioondolewa tezi ya pituitari, ile ya chini ya ubongo inayoliamuru gamba litengeneze kotisoli, walipungukiwa na PNMT, na walipopewa homoni za aina ya kotisoli kimeng'enya kikarudi. Ncha za neva hazioshwi na damu ya namna hiyo.

Nakuomba tu usiwafundishe kwamba wanyama wote wenye uti wa mgongo wamepangwa hivyo, kwani kwa papa tishu hizi mbili hukaa mbalimbali.

Mwalimu wa biolojia, Wete

Nashukuru sana, nyote wawili. Nimebakisha nusu ya tezi katika fomalini. Jumatatu nitawaonesha njia ya damu kutoka gamba hadi kiini kabla ya kuwaandikia ubaoni jina lolote la kimeng'enya.