Naomba ushauri: nikaguliwe vipi uwanja wa ndege bila kuvunjiwa heshima?

Msafiri wa Pili (mleta mada):
Wanajukwaa, habari zenu. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa utumbo, na tangu hapo navaa mfuko unaobandikwa tumboni kupokea haja kubwa. Katika safari yangu ya kwanza baada ya kupona, mashine ya kukagua mwili ilionyesha alama tumboni, na mkaguzi akaniamuru niinue shati palepale, mbele ya foleni nzima. Niliinua. Mpaka leo sijathubutu kukata tiketi nyingine, ingawa mwanangu anahitimu baada ya miezi miwili na bila ndege sitamfikia.

Sipingi ukaguzi, kwani nami nataka kufika salama. Je, picha ya mwili wangu inabaki wapi? Naweza kukaguliwa faraghani? Na zile kamera za uso kwenye lango la kupandia ndege ni za lazima?

Mkaguzi Mstaafu:
Pole sana, ndugu yangu. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, na ulivyotendewa lilikuwa kosa la mkaguzi.

Mashine hizi zilienea baada ya tarehe 25 Desemba 2009, abiria mmoja alipojaribu kulipua ndege iliyotoka Amsterdam kwenda Detroit kwa kilipuzi alichokificha ndani ya chupi, ambacho lango la kugundua chuma haliwezi kukitambua. Baadhi ya zile za mwanzo zilitumia eksirei na kuchora umbo la mtu kana kwamba yuko uchi. Marekani iliziondoa viwanjani mwaka 2013 baada ya kushindikana kuziwekea programu ya kuficha umbo hilo. Zilizopo sasa hutumia mawimbi ya redio, na kioo huonyesha mchoro uleule wa mtu kwa kila abiria, wenye kisanduku cha rangi mahali penye kitu. Mkaguzi wako aliona kisanduku tu, naye alipaswa kuuliza kwanza.

Kabla hujaingia kwenye mashine, mpe mkaguzi kadi yenye sentensi mbili kuhusu hali yako, uombe chumba cha faragha, mkaguzi wa jinsia yako na shahidi unayesafiri naye. Kwa utaratibu wa Marekani, kwa mfano, hulazimiki kuufunua mfuko: unaweza kuelekezwa uupapase mwenyewe juu ya nguo, kisha viganja vyako vikapimwa mabaki ya vilipuzi.

Asiyesahau:
Kadi ni jambo jema, lakini mleta mada asiichukulie kuwa kinga, kwa sababu yeyote anaweza kuandika kadi. Yule wa mwaka 2009 alificha kilipuzi mahali ambapo adabu huwazuia watu kutazama. Ukiambiwa utapapaswa, kubali, na ufike uwanjani mapema ili usikaguliwe huku ukihofia kuachwa na ndege.

Mtunza Siri:
Mimi naogopa zaidi taarifa zinazobaki baada ya abiria kushuka. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2016 huyataka mashirika ya ndege kuzikabidhi serikali taarifa za tiketi, nazo zinaweza kuhifadhiwa hadi miaka 5, ingawa baada ya miezi 6 majina hufichwa. Sheria hiyo inakataza kuchakata taarifa zinazofichua afya ya mtu, lakini usitegemee sheria kufuta ulichokiandika mwenyewe: omba kiti karibu na choo bila kueleza ugonjwa.

Kuhusu kamera, jibu hutegemea nchi na uraia wako. Marekani, raia wake anaweza kuomba pasipoti yake ikaguliwe kwa macho, na picha za raia hufutwa ndani ya saa 12. Za wageni hutunzwa miaka mingi. Uliza kabla hujafika langoni. Na tafadhali usirushe mtandaoni picha ya pasi ya kupandia ndege, maana jina la ukoo na namba ya tiketi mara nyingi vinatosha kumfungulia mtu mwingine safari yako yote.

Msafiri wa Pili:
Nawashukuru kwa dhati. Ndugu Asiyesahau, neno lako nimelipokea. Kupapaswa chumbani sikuogopi, niliogopa foleni. Mkaguzi Mstaafu, je, mkasi wa kukatia mifuko niubebe wapi?

Mkaguzi Mstaafu:
Kata mifuko yote nyumbani, mkasi uuweke kwenye sanduku linalopakiwa chini ya ndege. Mifuko yenyewe ibebe mkononi, tena mara mbili ya unayohitaji, kwani sanduku huweza kuchelewa siku kadhaa.