Kwa nini wanamrudisha thieta kila siku?

DadaMkubwa: Habari zenu. Mdogo wangu ana kisukari. Jumapili alijikwaruza mguuni, kidonda cha kupuuzwa. Jumatatu usiku akawa analia kwa maumivu, nami nikamwambia anadeka, maana ngozi ilikuwa nyekundu kidogo tu. Kulipokucha mguu umevimba hadi pajani, una malengelenge ya zambarau, mwenyewe anaweweseka. Alipasuliwa siku hiyo hiyo. Tangu hapo amerudishwa thieta mara mbili, na leo wanamtaka tena. Kila akitoka, nyama imepungua. Dripu za antibayotiki anawekewa za aina tatu. Si waziache dawa zifanye kazi?

NesiWaUsiku: Pole sana dada. Mimi ni wa thieta. Ugonjwa huu, wa bakteria wanaokula nyama (necrotizing fasciitis), hutambaa chini ya ngozi, kwenye utando unaofunika misuli, na njiani huziba mishipa midogo ya damu. Dawa husafiri na damu. Pasipofika damu itafikaje? Nyama iliyokufa ni ya kisu tu. Tena siku ya kwanza mpaka wake hauonekani. Unayoiacha leo ikivuja damu, yaani bado hai, kesho unaikuta ya kijivu, ukipitisha kidole inaachia yenyewe. Ndiyo maana hufungua kuangalia kila baada ya saa 24 hivi. Waulize leo wamekata kiasi gani.

MkonoMmojaNusu: Mimi bakteria aitwaye streptokoka alinila mkono. Kati ya hizo dawa kuna klindamaisini? Niliambiwa hiyo huzuia vijidudu kutengeneza sumu, penisilini inaua. Baadaye nilipandikizwa ngozi, na usishangae: pale pajani walipoichuna ndipo paliniuma kuliko mkono wenyewe.

Tabibu_wa_Jadi: Mpakeni asali.

NesiWaUsiku: Asali kwenye kidonda kinachopona sina ugomvi nayo. Hapa hapana, hata kijiko.

DadaMkubwa: Katoka. Leo wamekata ukingo mmoja tu, upana wa vidole viwili. Klindamaisini ipo. Ila lile neno la kudeka linanikaba.

NesiWaUsiku: Vidole viwili ni habari njema. Na hayo maumivu makali kuliko ngozi inavyoonyesha ndiyo dalili ya mwanzo, hata madaktari huwapita. Sukari yake leo inasoma ngapi?