Mwanasayansi akijua kuongea na watu anageuka adui? Waliyomfanyia Carl Sagan yananiuma hadi leo

Wakuu, hili nimelivumilia vya kutosha, leo nalisema lote.

Kila akitajwa mwanaastrofizikia (mtaalamu wa fizikia ya nyota na anga) anayeonekana kwenye televisheni, hakosi mtu wa kudakia: "Huyo si mwanasayansi, ni mpiga porojo tu." Analisema kwa kujiamini, na hajasoma hata ukurasa mmoja wa kazi ya huyo anayemtukana! Kinachoudhi zaidi ni kwamba dharau hii ilianzia kwa maprofesa wenyewe.

Mchukueni Carl Sagan, mwanasayansi wa Marekani aliyechunguza sayari na nyota. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa bado kijana, alionyesha kwa hesabu kwamba sayari ya Zuhura ni tanuri, kwa sababu hewa yake nzito ya kaboni dioksidi inanasa joto lisitoke. Wakati huo wapo waliokuwa bado wanaiwazia mabwawa na uoto. Mwaka 1970 chombo cha Wasovieti, Venera 7, kikatua na kupima nyuzi 475 za Selsiasi. Kwenye Mirihi kulikuwa na yale maeneo meusi yanayobadilika kwa majira, na wataalamu kadhaa wakidhani ni mimea. Sagan na mwenzake James Pollack wakasema hapana, ni vumbi linapeperushwa na upepo. Mariner 9, chombo cha Wamarekani, ikafika Mirihi 1971, picha zake zikawapa haki. Ongezeni machapisho ya kitaaluma zaidi ya 500. Porojo iko wapi hapo?

Pamoja na hayo, Chuo Kikuu cha Harvard kilimnyima ajira ya kudumu, ikabidi 1968 ahamie Chuo Kikuu cha Cornell. Harold Urey, mshindi wa Nobel ya kemia ya mwaka 1934, alikuwa ameandika barua ya kumpinga. Baadaye Urey huyohuyo akamwandikia Sagan kumtaka radhi. Wengi wanaipita habari hii juu juu, mimi siwezi. Barua ya kumwangusha ilikwenda kwa waliokuwa wanaamua ajira yake, ya kumtaka radhi ikaja kwake wakati maamuzi yameshapita!

Kisha ikaja 1980, Cosmos, vipindi 13 vya televisheni alivyoviendesha mwenyewe, vilivyotazamwa na mamia ya mamilioni ya watu duniani. Watoto wangapi waliingia kwenye fizikia kwa sababu yake! Malipo yake? Mwaka 1992 jina lake lilipelekwa Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, wanachama wakapiga kura, wakamkataa. Miaka miwili tu baadaye, 1994, Akademia hiyohiyo ikampa nishani yake ya huduma kwa umma. Jamani! Anafaa kupewa shukrani kwa kuelimisha watu, ila kuketi meza moja na wanachama hafai? Alifariki Desemba 1996, akiwa na miaka 62, bila kuingizwa.

Na msiniambie hao wakubwa hawakumhitaji. Seneta wa Marekani William Proxmire aliukejeli utafutaji wa viumbe wenye akili nje ya dunia mwaka 1978 kuwa ni ubadhirifu, kisha akafanikiwa kuufungia fedha za serikali. Nani alikwenda kukaa naye na kumweleza hadi akaacha kuupinga? Sagan, yule "mpiga porojo". Fedha za NASA, shirika la anga za juu la Marekani, zinatoka kwa mlipa kodi. Asipoelezwa kinachofanyika huko juu, kwa nini aendelee kulipa?

Ninachotaka ni hiki: kamati za ajira na tuzo ziache kumhesabia mtu dhambi kwa sababu anaeleweka. Kama tafiti zake ni dhaifu, zionyesheni udhaifu wake, hiyo ni haki yenu. Kama hamna, msimkate kwa sababu kamera inampenda.

Na wewe unayejiandaa kuja hapa chini kuandika kwamba Sagan alikuwa mtu wa televisheni tu: anza na ile hesabu ya Zuhura. Tuonyeshe alipokosea.