Kaupitia mkeka, kauacha, halafu kaandika "gemu haina mwisho". Nyota 2!!!

Taa_ya_Mnara (mleta uzi):

Wakuu, leo sisalimii mtu, mnisamehe. Nimetoka kuangalia video ya yule mchambuzi wenu. Mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule anayefungua kila video kwa "nimezicheza zote ili wewe usihangaike". Hapa ninapoandika mikono inatetemeka.

Jamu, yaani shindano la kutengeneza gemu kwa muda mfupi, imefungwa juzi. Saa 72, niko peke yangu: michoro yangu, muziki wangu, msimbo wangu, maneno yangu. Mada iliyopitishwa kwa kura za washiriki ilikuwa "CHINI". Lishikeni hilo neno.

Gemu yangu ni ya kisa na mafumbo, zile za kubofya vitu na kuvibeba. Ni usiku, taa ya mnara imezimika, meli inakuja, mlinzi haonekani. Vyumba 5, miisho 2, ukicheza umetulia unamaliza kwa dakika 20. Unaanzia nje mlangoni. Mlango umefungwa kwa ufunguo. Mbele ya mlango kuna MKEKA.

Ukibofya mlango unaambiwa: "Umefungwa. Mlinzi alizoea kusema hatembei na ufunguo, anaukanyaga." ANAUKANYAGA! Mada ya jamu ni CHINI! Na kishale kikipita tu juu ya mkeka, mkeka unatikisika. Nimechora picha 6 za kuutikisa, usiku wa mwisho, saa tisa, macho yamevimba kama niliyepigwa na nyuki. Kilichobaki ni mkeka kusimama na kumwamkia shikamoo.

Sasa fungueni video yake, dakika ya 3 na sekunde ya 41. Kishale kinashuka. Kinapita juu ya mkeka. Mkeka UNATIKISIKA. Neno "Mkeka" linatokea pale chini kwa herufi nyeupe, linasomeka hata na mtu aliyekaa chumba cha pili. Na yeye, kwa kinywa chake, anasema: "Hapa hakuna kitu." Kisha anaenda kubofya mwezi. Mwezi! Kaubofya mara 9, nimehesabu.

Dakika ya 4 kafunga. Akaandika: "Inapendeza kwa macho ila haina mwisho, inaishia mlangoni. Nadhani mtengenezaji aliishiwa muda."

Niliishiwa muda? Mimi?! Nina vyumba 4 nyuma ya huo mlango! Kuna ngazi inayolia kila ukikanyaga daraja, na kila daraja lina mlio wake. Kuna barua ya mlinzi nimeiandika mara 11. Kuna mwisho ambao watu wawili walioujaribu waliniambia walinyamaza kimya baada ya kuuona. Huyu mtu kacheza gemu 86 kwa siku 2, anadonoa moja anakimbilia nyingine kama kuku kwenye mchele, halafu anahukumu mwisho ambao hakuufikia. Ni sawa na mtu aliyeitazama bahasha bila kuifungua akasema barua haina maneno.

Na tangu video itoke nimepata kura 14 za nyota 2. Watu 14, na takwimu za ukurasa wangu zinaonyesha gemu imefunguliwa mara 3.

Dakika ya 3, sekunde ya 41. Nimeirudia mpaka naiota. Kishale, mkeka, mtikisiko, "hapa hakuna kitu".

BofyaBofya:

Mkuu nimesoma kichwa cha uzi nikajua mkeka wako umechanika kwa timu moja, nikaja kukupa pole 😂😂

Pikseli_Tatu:

Ni yuleyule? Aliyesema gemu yangu "haina sauti kabisa", na kwenye video yake mwenyewe alama ya spika imepigwa mstari? Basi pole sana ndugu yangu. Mimi nilimwandikia kwa adabu zote. Akanijibu "sauti nzuri hujitangaza".

Taa_ya_Mnara (mleta uzi):

Ndiye. Huyohuyo.

MamaPikseli:

Mimi nimeicheza sasa hivi kabla ya kuchangia, maana humu watu wanachangia kwa hasira za kuazima. Mdogo wangu, mkeka ni kahawia. Sakafu ni kahawia. Mlango ni kahawia. Na ni usiku. Nilibofya taa, dirisha, buibui, buibui tena, ndoo, ndipo nikaangukia mkeka kwa bahati. Kutikisika unatikisika, ila ni kama upepo. Hii ndiyo ile kusaka pikseli, kupapasa skrini nzima kutafuta kidoa cha kubofya, tuliyoilalamikia tangu enzi hizo. Ron Gilbert, mtengenezaji wa gemu hizi, aliandika makala nzima mwaka 1989 kueleza kwa nini gemu za aina hii zinaudhi, mwaka uliofuata akatoa gemu yake The Secret of Monkey Island. Miaka yote hiyo na bado tunapapasa sakafu.

Ila huko ndani pazuri. Ile ngazi nimeipanda mara mbili kwa kuisikiliza tu.

Taa_ya_Mnara (mleta uzi):

Dada MamaPikseli asante kwa kucheza, nakushukuru kutoka moyoni. Ila wewe ulibofya buibui UKAENDELEA. Ulimaliza. Yeye neno "Mkeka" lilimtokea kwenye skrini! Rangi ya kahawia inahusu nini wakati neno limeandikwa kwa nyeupe? Sekunde ya 41, nakuomba kaitazame.

Mzee_wa_Diski:

Vijana mnadeka. Sisi tumecheza gemu ambazo ukisahau kuokota kitu chumba cha kwanza, unaenda saa 6 mbele ndipo unagundua umekwama milele, na haikuambii. Unaanza upya. Na kuna ile ya mwaka 1999, Gabriel Knight 3, ili ukodi pikipiki unabandika utepe kwenye tundu la kibanda, paka anapita, manyoya yake yananasa, unayafanya masharubu ya kubandika. Ili ufanane na mtu ambaye kwenye kitambulisho chake HANA masharubu, inabidi umchoree kwanza kwa kalamu. Ufunguo chini ya mkeka ni zawadi.

Hata hivyo kwenye upigaji kura nakuunga mkono. Yale mashindano ya gemu za hadithi za maandishi yanayofanyika tangu 1995, mpigakura anapewa muda usiozidi saa 2 kwa kila gemu, alama anazitoa kwa alichokiona ndani ya hizo saa. Dakika 4 ni muda wa kusubiri maji yachemke.

BofyaBofya:

Mzee hayo maji yako ni ya birika au ya pipa?

Kura_Ishirini:

Mchambuzi ana afadhali, angalau alifungua gemu. Njooni tuzungumzie wale wa "gemu nzuri sana, hongera! karibu na kwangu". Nimekuta sentensi hiyohiyo, na alama ya mshangao mahali palepale, kwenye kurasa 40. Kuna gemu ambayo ilikuwa haifunguki kabisa, faili limeharibika, mwenyewe kaandika juu kwa herufi nyekundu HAIFUNGUKI, na jamaa kaiandikia "nimeipenda sana hadithi yake". Hadithi ipi?! Kule Ludum Dare, ile jamu kubwa ya mtandaoni, bila kura 20 hupati nafasi kwenye matokeo, kwa hiyo watu wamegeuka wachuuzi wa kura. Nipe nikupe. Mimi nimekaa wikendi nzima nacheza za wenzangu na kuandika aya 3 kwa kila moja, nimeambulia kura 17. Yule mshangao mmoja kamaliza na 112.

Taa_ya_Mnara (mleta uzi):

Pole, lakini huo ni uzi mwingine. Hapa tunazungumzia mkeka.

Kura_Ishirini:

Kura 17 mkuu. KUMI NA SABA.

Sauti_Juu:

Na mimi niongezee langu. Wenye gemu zisizo na kitufe cha kupunguza sauti, nyinyi ni watu wa aina gani? Saa nane usiku, mtoto kalala, nimevaa spika za masikioni, nafungua gemu imeandikwa "tulivu, ya kutafakari". Kengele! KENGELE! Kompyuta imeniruka mapajani. Waya ukachomoka, kengele ikahamia kwenye spika za nje, mtoto akaamka, jirani akagonga ukuta. Na gemu haina kusitisha, haina kutoka, mpaka umalize utangulizi. Nimezima umeme wa nyumba.

Pikseli_Tatu:

Umezima umeme wa nyumba nzima kwa kengele 😭

Sauti_Juu:

Hukuisikia wewe.

Taa_ya_Mnara (mleta uzi):

Kwangu kitufe cha sauti kipo, kipo kibarazani, kushoto juu, hata yeye alikiona. Alikiona KITUFE akaukosa MKEKA. Fikirini jamani.

Mzigo_Mzito:

Wale wa chumba kimoja gigabaiti 2 tusiwasahau. Nimepakua usiku kucha, nimefungua faili la zipu, ndani yake kuna faili jingine la zipu, ndani yake kuna faili la "soma kwanza" limeandikwa "toleo sahihi liko kwingine". Adventure Game Studio, programu ya kutengenezea gemu hizi, ipo tangu miaka ya tisini, gemu nzima zenye vyumba kibao zilikuwa zinakaa kwenye megabaiti chache. Nyinyi mna meza na kiti.

MamaPikseli:

Wekeni icheze kwenye kivinjari, basi. Watu wanaopiga kura wana gemu mia za kupitia, anayekutaka upakue na kusakinisha wanamruka. Hilo nalo mchambuzi ana haki nalo.

Taa_ya_Mnara (mleta uzi):

YANGU INACHEZA KWENYE KIVINJARI.

Okota_Basi:

Mkinikumbusha hasira nisameheni. Kuna ile ya kuandika amri kwa Kiswahili, mnaijua, ya pangoni. Nilifurahi kama mtoto, gemu ya maandishi kwa lugha yangu! Nikaandika "okota ufunguo". Ikajibu: "Sielewi okota." Nikaandika "beba ufunguo". Sielewi beba. "Nyanyua", sielewi. "Twaa", sielewi. Nimemaliza vitenzi vyote alivyonifundisha bibi yangu. Kumbe inajua "chukua" tu. Kitu kiko chini, mtu anakiokota! Kuchukua ni mezani!

Kitenzi48:

Mwenye gemu ya pangoni ni mimi. Naomba uelewe, nilikuwa na saa 48 na vitenzi 34. Na Kiswahili si lugha ya mchezo kwa kompyuta. Mtu kaandika "uchukue". Hiyo "u" ni ya wewe, kwamba "wewe uchukue", au ni ya ufunguo, kwamba "chukua huo"? Niliumwa kichwa kwa hiyo herufi moja kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwingine kaandika "naomba nichukue ufunguo tafadhali". Adabu nzuri, lakini kompyuta haikulelewa.

Mzee_wa_Diski:

Ni ya ufunguo. Angekuwa anasema wewe angeandika "chukua".

Okota_Basi:

Hapana mzee, si lazima. "Uchukue ufunguo, usisahau." Hiyo ni ya wewe.

Kitenzi48:

Mnaona sasa? Na vikiwa viwili ndiyo balaa. Chukulieni mfano wa huo mkeka wa mleta uzi. Mkeka ni "u", ufunguo ni "u". Mchezaji akiandika "uinue", ainue kipi?

Taa_ya_Mnara (mleta uzi):

Mkeka wangu hauandikwi, UNABOFYWA! Na ulitikisika! Jamani dakika ya 3 sekunde ya 41, hivi kuna hata mmoja wenu aliyekwenda kuitazama?

MamaPikseli:

Ainue mkeka, maana ufunguo bado hajauona. Kitu ambacho mchezaji hajakiona kisihesabiwe, weka sharti hilo kwenye msimbo na umemaliza.

Kitenzi48:

Dada hilo ni wazo. Kweli kabisa. Na akishauona?

MamaPikseli:

Kilichotajwa mwisho ndicho kinachotangulia.

Mzee_wa_Diski:

Na ufunguo mmoja watu wengi wanauita "funguo", utawafanyaje hao? "Ichukue funguo"?

Okota_Basi:

Wafungiwe nje.

Kura_Ishirini:

Kitenzi48 nakupigia kura sasa hivi kwa kujibu watu kiungwana. Nami nimebakiza kura 3 mkuu, ukipata nafasi.

Kitenzi48:

Nimekaa nimerekebisha. Nimeongeza okota, beba, nyanyua, twaa. Jamu inaruhusu kurekebisha hitilafu baada ya kufungwa. Pakieni ukurasa upya mjaribu.

Okota_Basi:

Ngoja.

Okota_Basi:

Okota inafanya kazi! Umefanya jambo kubwa kaka, ubarikiwe.

Sauti_Juu:

Mimi nimeandika "chukua ufunguo". Inasema "Sielewi chukua".

Kitenzi48:

Ngoja.