Gari likizima njiani, polisi wanasaidia au mpaka fundi?

dereva_mpya
Wakuu habari zenu, hivi gari likikuzimikia njiani usiku unaweza kuwapigia polisi? Mdogo wangu wa kike ameanza kuendesha safari za mbali peke yake na sijui nimwambie nini, wengine wanasema polisi hawahusiki mpaka itokee ajali, wengine wanasema hadi betri wanabusti, yaani wanaiunganisha kwa waya na betri ya gari lingine ili liwake.

giabox
Wanahusika sana tu, ila sio kutengeneza gari. Gari likifia kwenye lami, hasa kwenye kona, ni hatari kwa kila anayepita, kwahiyo askari akija anapaki nyuma yake na kimulimuli kinawaka, anaongoza magari, anasaidia kusukuma litoke barabarani na kuita brekidauni. Hapo asione aibu kupiga namba ya dharura, 112 inakubali kwenye simu za mkononi nchi nyingi. Kama lipo pembeni vizuri na yupo salama apige namba ya kawaida ya kituo au watu wa bima.

mama_watatu
Kwenye betri na tairi inategemea, kuna askari atakusaidia na kuna atakayekataa, na sio roho mbaya. Magari ya siku hizi yamejaa kompyuta, ukichanganya chanya na hasi unaunguza vitu, sasa lawama abebe nani? Vikosi vingine vinakataza. Funguo ikibaki ndani pia wengi watakwambia tafuta fundi wa vitasa, LAKINI kama kuna mtoto ndani piga dharura hapo hapo, gari lililofungwa vioo juani linapanda joto ndani ya dakika chache, kioo kivunjwe tu.

safari_ndefu
Jamani mbona hamjasema akae wapi akisubiri? Watu wanagongwa wakiwa wameinama nyuma ya gari wanaangalia tairi! Awashe taa za hazadi (zile za tahadhari zinazowaka na kuzima pande zote), ashukie mlango wa upande usiopita magari, akasimame mbali na lami, nyuma ya kingo za chuma kama zipo. Akiona kushuka ni hatari abaki ndani na mkanda. Pembetatu aiweke mbali kule nyuma, ila kama mpaka apite katikati ya magari yanayokimbia aiache. Asome na kibao cha kilomita, ndio kitamsaidia kueleza alipo.

Na akija mtu anasema yeye polisi ila hana sare wala gari la polisi, asifungue mlango. Apige dharura aulize kama kweli wametuma askari, askari wa kweli atamuelewa.

dereva_mpya
Hiyo ya mwisho sikuiwaza kabisa, namtumia sasa hivi. Na akiishiwa mafuta?

giabox
Askari wengi hawatembei na mafuta ya kugawa. Anaweza kumpa lifti mpaka sheli kama hana tukio lingine, au amuitie mtu wa kuleta, ila asitegemee sana hilo.