Ni filamu zipi za kuamsha uzalendo tunazoweza kuwaonyesha vijana wa Uganda?

Mwalimu wa Tororo anauliza:

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Tororo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kila inapokaribia tarehe 9 Oktoba hupewa kazi ya kuandaa jioni ya sikukuu ya uhuru kwa vijana wa mtaa wetu. Baada ya hotuba na ngoma, tunatundika shuka jeupe ukutani, tunawasha projekta na kuonyesha filamu moja. Hotuba zinajulikana mapema, na ngoma vijana wanazimudu wenyewe. Panaponitatiza ni kwenye filamu.

Sitafuti filamu ya mahubiri. Natafuta filamu ambayo kijana wa miaka kumi na sita, aliyezaliwa muda mrefu baada ya vita vyetu vikubwa, ataitazama mpaka mwisho na kuondoka akihisi kwamba nchi hii ni yake, inamdai na yeye anaidai. Mwaka uliopita nilionyesha The Last King of Scotland ya mwaka 2006, ile iliyompatia Forest Whitaker tuzo ya Oscar kwa kuigiza nafasi ya Idi Amin. Uigizaji wake ni wa hali ya juu, wala sina neno juu ya hilo. Hata hivyo, nchi yetu tunaiona kwa macho ya daktari kijana wa Scotland, mhusika wa kubuniwa, na Waganda wanaomzunguka ama wanaogopa ama wanaogopesha. Mjadala uliofuata ulihusu ukatili wa Amin peke yake, hadi msichana mmoja aliponiuliza kama hakuna filamu ambayo mtu wa kwetu ndiye anayeibeba hadithi. Sikuwa na jibu la kutosha, na ndiyo maana nimekuja kwenu. Tafadhali tajeni filamu, na mseme kwa nini.

Mzee wa Bombo anajibu:

Mwalimu, swali lako limenigusa, kwa sababu sisi tuliokulia karibu na kambi za jeshi tumetazama filamu nyingi sana za uzalendo, ila uzalendo wenyewe ulikuwa wa watu wengine. Chukua habari ya Entebbe. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 makomando wa Israel walitua katika uwanja wetu wa ndege kuwaokoa mateka wa ndege ya Air France. Kabla mwaka 1977 haujaisha, filamu tatu zilikuwa tayari zimetolewa: Victory at Entebbe, Raid on Entebbe na Operation Thunderbolt. Mwaka 2018 ikaongezwa nyingine, 7 Days in Entebbe.

Ninayotaka uiangalie kwa makini ni Operation Thunderbolt ya Menahem Golan, iliyopigwa kwa msaada wa serikali ya Israel na jeshi lake la anga, kwa sababu anayetaka kujua filamu ya kizalendo inavyojengwa atajifunza mengi humo. Hatari inawakuta raia wa kawaida, wenye majina, wenye wazazi wanaowalilia nyumbani. Viongozi wanavutana, askari vijana wanafanya mazoezi, na hatimaye kamanda wao, Yonatan Netanyahu, anauawa, hivyo ushindi unafika nyumbani pamoja na msiba. Mwisraeli akitokwa na machozi hapo simlaumu hata kidogo, maana watu wake walikuwa hatarini kweli na ana haki ya kuwaenzi waliowaokoa.

Sasa mtazame askari wa Uganda katika filamu hizo zote. Amesimama gizani na bunduki, anapaza sauti mara moja, anaanguka, na kamera inampita. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba askari wetu wapatao 45 waliuawa usiku ule. Hakuna aliyewauliza maoni Amin alipoamua kuwakaribisha watekaji nyara; waliamriwa kulinda, wakalinda. Waliacha wajane na watoto, na watoto hao leo ni watu wazima miongoni mwetu.

Nakushauri uonyeshe sehemu ya filamu hiyo, kisha uwaulize vijana yule askari wa kwanza kuanguka alikuwa mtoto wa nani. Hii haina maana ya kumtetea Amin. Dora Bloch, mama mzee miongoni mwa mateka aliyekuwa amepelekwa hospitali ya Mulago, alitolewa humo akauawa baada ya makomando kuondoka, na unyama huo ulifanywa na watu wa utawala wetu, kwa jina la nchi yetu. Vijana waambiwe yote mawili katika kikao kimoja, bila kufichwa lolote.

Dada wa Jinja anajibu:

Mzee wangu, shikamoo. Nimeyasoma maneno yako mara mbili, na ninakubali kwamba askari wale wanastahili filamu yao. Naomba tu kutofautiana nawe kuhusu siku. Jioni ya sikukuu si wakati wa kuwaanzishia vijana somo la maiti. Hayo yawekwe darasani, ambako Mwalimu ana muda wa kuyaeleza.

Kwa jioni hiyo ningependekeza Queen of Katwe ya mwaka 2016. Wengi wameisikia kama filamu ya sataranji, lakini mimi naiona kuwa filamu ya Uganda kwanza, na sataranji baadaye. Phiona Mutesi anauza mahindi Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala, mama yake anahangaika na kodi ya nyumba, mvua inaleta mafuriko, na kocha Robert Katende anawafundisha watoto mchezo ambao kete ndogo kuliko zote ikifika upande wa pili wa ubao inageuka malkia. Watoto hao wanapoingia Budo kushindana na wanafunzi wa shule kubwa, wanashangaa kila kitu wanachokiona, na mtazamaji wa Uganda anazijua pande zote mbili za mshangao ule, kwa kuwa Katwe na Budo hazikutengana sana kwa kilomita, ila kwa maisha zimetengana mno. Madina Nalwanga, anayemwigiza Phiona, ni mtoto wa Kampala hii hii. Na mwishoni kabisa, majina yanapopita, watu halisi wanatokea na kusimama kando ya waigizaji waliowaigiza. Mwalimu, usizime projekta kabla ya hapo. Nimeitazama filamu hii pamoja na watu wa rika mbalimbali, na sijaona ukumbi uliobaki kimya katika dakika zile.

Mwongozaji wake ni Mira Nair, ambaye mwaka 1991 alitoa Mississippi Masala, filamu ninayoipenda hata zaidi ingawa kwa vijana inaweza kuwa nzito. Sisi wa Jinja tunapita kila siku mbele ya nyumba za zamani za Wahindi, na wengi wetu hatujui waliozijenga walikwenda wapi. Filamu inaanza mwaka 1972, wakati Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka. Jay ni wakili mwenye asili ya Kihindi ambaye Kampala ndiyo kwao, hana kwingine, na kwa miaka mingi akiwa Marekani anaendelea kuidai serikali ya Uganda mali yake. Anaporudi na kuiona nyumba yake ilivyochakaa, unaelewa kwamba alichokuwa akikidai muda wote kilikuwa kikubwa kuliko nyumba. Sijaona filamu nyingine inayoonyesha mapenzi ya mtu kwa Uganda kwa uchungu wa namna ile, na mtu mwenyewe ni yule aliyeambiwa kwamba si wa hapa.

Mpenzi wa Vibanda, Kampala, anajibu:

Naongeza jambo moja tu. Filamu ya Kihindi iitwayo Lagaan, ya mwaka 2001, inafaa kuangaliwa na yeyote anayeuliza swali hili, hata kama si ya kwetu. Ni mwaka 1893, mvua imekataa, na afisa wa Kiingereza anawawekea wanakijiji dau: wakishinda mechi ya kriketi watasamehewa kodi kwa miaka mitatu, wakishindwa watalipa mara tatu. Nchi haitajwi kwa hotuba. Nchi ni gunia la nafaka ambalo familia italala nalo au italala bila nalo. Kila anayetazama anashika upande bila kuombwa.

Pia, Mwalimu, mtafute vijei. Katika vibanda vya video hapa Kampala watu wa mabenchi ya nyuma, wasiojua Kiingereza wala Kihindi, wanaifuata filamu yote kwa sababu vijei anaitafsiri papo hapo na kuwaeleza nani ni nani. Vijana wako watasikiliza kwa namna nyingine kabisa wakihudumiwa hivyo.

Mwalimu wa Tororo:

Nawashukuru sana. Dada, hoja yako kuhusu siku nimeikubali, na Mzee, filamu ya Entebbe nitaipeleka darasani kama mlivyoelekeza.

Nina wasiwasi mmoja ambao sijausema. Mwenzangu shuleni amependekeza 27 Guns ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Natasha Museveni Karugire, inayosimulia vita vya msituni vilivyoanza kwa shambulio la Kabamba tarehe 6 Februari 1981, tukio ambalo jeshi huliadhimisha kila mwaka kwa jina la Tarehe Sita. Ni historia ya kweli ya nchi hii na vijana wanapaswa kuijua. Lakini mwongozaji ni binti wa rais, na hadithi ni ya baba yake, kwa hiyo nahofia kwamba nusu ya ukumbi itaitazama kama filamu ya chama na nusu nyingine itaipokea kama kipimo cha nani anaipenda nchi na nani haipendi. Nataka jioni ambayo kijana wa upande wowote atakaa bila kujiona mgeni.

Mkimbiaji wa Lira anajibu:

Mwalimu, kwa wasiwasi huo jibu lako ni John Akii-Bua, mkimbiaji wetu wa Olimpiki. Filamu yenyewe ni ya hali halisi, iitwayo The John Akii-Bua Story: An African Tragedy, iliyotoka mwaka 2008. Uwanja wa hapa kwetu Lira una jina lake, lakini hata hapa vijana wengi wanalijua jina tu.

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, alipangiwa njia ya kwanza katika fainali ya mita 400 kuruka viunzi. Waliowahi kukimbia wanaelewa maana yake: kona ni kali kuliko njia nyingine zote, na kwa jinsi wakimbiaji wanavyopangwa, kila mpinzani unamwona akiwa mbele yako tangu mlio wa bastola. Mbele yake alikuwepo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1968 na mwenye rekodi ya dunia. Akii-Bua alimaliza kwa sekunde 47.82, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya sekunde 48, na Uganda ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Kumbuka ni wiki zilezile ambazo Dada wa Jinja amezieleza, ambapo dunia ilikuwa ikiitaja nchi yetu kwa habari ya kuwafukuza watu.

Kinachoifanya filamu hii inifae mimi ni kwamba haiishii hapo. Akii-Bua alikuwa polisi na alikuwa mtu wa kabila la Walango, na utawala uliomshangilia ndio uliokuwa ukiwaua Walango na Waacholi. Mwaka 1976 hakukimbia Montreal, kwa sababu Uganda ilijiunga na nchi za Afrika zilizosusia michezo ile. Amin alipoangushwa mwaka 1979 alikimbilia Kenya akawa mkimbizi, kisha akaenda kuishi Ujerumani, na bado baada ya yote hayo alirudi nyumbani, akafundisha wakimbiaji, akafariki hapa mwaka 1997. Hakuna chama kinachoweza kumchukua mtu huyu kikamfanya wake.

Baada ya filamu waonyeshe vijana dakika za mwisho za mbio hizi: Stephen Kiprotich katika marathoni ya London 2012, maana ilipita miaka 40 kamili kabla Uganda haijapata dhahabu nyingine, kisha Peruth Chemutai akiruka viunzi na maji Tokyo, na Joshua Cheptegei katika mita 10,000 Paris mwaka 2024. Hizo hazichukui muda, na wataondoka wakishangilia. Waandikie wenye filamu mapema kuomba ruhusa ya kuionyesha hadharani, kwa sababu majibu huchelewa. Kama hutapata vijei wa Kiswahili huko Tororo, nijulishe, nitapanda basi nije kuitafsiri mwenyewe.