Mjadala: Je, ni haki mkopo wa serikali umtangulize anayesoma fizikia na kumsubirisha anayesoma sayansi ya siasa?

Mleta mada:

Ndugu zangu, naileta hoja hii nikiwa mwalimu wa fizikia, yaani mmoja wa walionufaika na utaratibu ninaoupinga. Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ianze kazi hapa Tanzania Julai 2005, miongozo yake imekuwa mara kwa mara ikizipanga kozi kwa vipaumbele, ualimu wa sayansi na hisabati, udaktari na uhandisi vikiwa juu, na sayansi ya siasa ikisubiri kitakachobaki. Mwaka 2022 ukaongezwa ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi kidato cha sita. Wenzetu wa Uganda, mwaka huohuo, walikwenda mbali zaidi: mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 za kwao kwa mwezi, wa sanaa akaachwa alipokuwa, na walimu wa sanaa wakagoma.

Nasema fedha hizi zinachelewa kufika. Mwanafunzi haikimbii fizikia siku ya kuomba chuo. Huikimbia anapoingia kidato cha tatu, ambako kwa miaka mingi fizikia na kemia zimekuwa masomo ya kuchagua. Mtakumbuka wazazi walivyochangishwa mwaka 2014 ili kila sekondari ya kata ipate maabara tatu. Katika shule moja niliyofundisha vyumba vilisimama na masinki yakafungwa, ila bomba halikuwa na maji, na saa ya kupimia muda ilikuwa moja kwa wanafunzi 46. Walifunga mawe kwenye nyuzi za mita moja, wakahesabu mibembeo 20 kwa sauti kama kwaya huku mimi nikitazama saa. Jibu likatoka sekunde 40, kama linavyotakiwa, na wote wakaandika 40, hata wale ambao mawe yao yalikuwa yamekwishagonga ukuta. Mtoto aliyejifunza fizikia kwa namna hiyo hatavutwa na mkopo miaka minne baadaye.

Mchangiaji wa kwanza:

Mwalimu, pole na kazi, lakini umelikwepa swali lako mwenyewe. Mfuko wa serikali ni mdogo, na mwenye mfuko mdogo hana budi kuchagua. Ninao vijana wawili nyumbani: mmoja alisoma fizikia na hisabati za ualimu, na mwenzake sayansi ya siasa na utawala, wa pili ameshapeleka barua za maombi ya kazi hadi bahasha zikaisha. Isitoshe, nadharia za wanafalsafa wa siasa kama Plato na Hobbes mtu mwenye bidii anaweza kuzisoma chini ya mwembe, ilhali osiloskopu, chombo cha maabara cha kuonyesha mawimbi ya umeme, hawezi kuichonga kwa panga. Serikali igharamie kile ambacho mtu hawezi kukipata peke yake. Na kama ni uongozi mnauhofia, Angela Merkel alisomea fizikia Leipzig, akaiongoza Ujerumani miaka 16 bila shahada ya siasa.

Mleta mada:

Hoja ya osiloskopu ni nzito na naikubali, ila inaniunga mkono mimi. Mkopo huingia katika chakula, malazi, vitabu na ada ya mwanafunzi mmoja mmoja, na hakuna mwanafunzi anayeamka na boom, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, mfukoni akaenda kununua osiloskopu ya idara. Kama sababu ya upendeleo ni gharama ya maabara, basi fedha ziende maabara, na mtoto wa mkulima aliyechagua siasa asinyimwe pesa ya kula kwa kisingizio hicho.

Kuhusu Merkel, utazame mfano wako vizuri. Mwaka 2010 serikali yake iliongeza muda wa vinu vya nyuklia. Machi 2011 ikatokea ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, na ndani ya miezi michache ikaamua vifungwe. Atomi haikubadilika tabia katika muda huo. Kilichobadilika ni hofu ya wapigakura na hesabu za vyama, mambo ambayo husomwa katika idara ya sayansi ya siasa.

Hapa kwetu nitataja bwawa la umeme la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji. Mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja inatoa megawati 2,115, na mwanafunzi wangu wa fizikia atakueleza nguvu hiyo inavyotegemea wingi wa maji na kimo cha kuanguka kwake. Lakini mafuriko ya Aprili 2024 yalipofika Rufiji na Kibiti, kilichobishaniwa ni kama maji yaliyofunguliwa bwawani ndiyo yaliyowafuata watu mashambani, na nani alipaswa kuwaonya, lini. Swali hilo lina kima cha maji ndani yake, na lina mamlaka pia.

Ndipo naona kasoro ambayo hatuitaji. Mwanafunzi wa sayansi kwa miaka mingi amekutana na masomo ya jamii atake asitake: GS, yaani somo la maarifa ya jumla, akiwa sekondari ya juu, na Taaluma za Maendeleo, maarufu DS, akifika chuo. Aliyesoma HGL, tahasusi ya historia, jiografia na Kiingereza, huagana na hisabati kidato cha nne, kisha tunamkuta mwaka wa pili wa sayansi ya siasa akihangaika na takwimu za utafiti kama mtu aliyepewa barua ya Kichina. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Profesa Richard Muller aliwahi kufundisha fizikia kwa wasiosomea sayansi, akieleza nishati, mionzi na silaha za nyuklia bila hesabu nzito. Mimi ningeanza na kozi ya namna hiyo, muhula mmoja, mfano wake ukiwa Rufiji, kabla ya kugusa orodha ya vipaumbele. Waliosoma HGL watuambie: mngekubali iwe ya lazima, au mngeiona adhabu?